Jibu Alilolingoja Mama

Harufu ya soksi za sufu zilizolowa, zimeanikwa juu ya chuma cha kupashia nyumba joto, ikinipata popote hunirudisha ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa St. James Town, ughaibuni, majira ya baridi niliyokuwa na miaka kumi na moja. Juu ya harufu hiyo weka iliki, weka vitumbua vinavyoiva kwenye chuma chake, weka dirisha lililoachwa wazi kidogo kwa sababu ya king'ora cha moshi, ambacho kilimchukia mama yangu na kila alichopika. Upepo uliopenya hapo ulikata masikio. Mama alikuwa akikipungia king'ora kanga ili kinyamaze, huku akikitukana kwa Kitanga safi, na mdogo wangu Rukia, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa Jumamosi zile tatu alizokuja Mama Fomu.

Kabla sijaendelea nijitambulishe, maana sipendi kuandika kama mtu anayejificha. Mimi ni fundi vigae. Ukiwa umewahi kuingia nyumba kubwa za Mississauga, zile zenye mabafu yanayong'aa kama sahani mpya, kuna uwezekano umekanyaga kazi yangu. Nilianza kwa kubeba ndoo za saruji za mtu mwingine, leo nina magari sita yenye jina langu ubavuni na vijana wenye vyeti vyao vya chuo wananiita bosi. Shule niliiacha mapema. Watu hudhani niliiacha kwa utundu, na mimi huwaacha wadhani hivyo, kwa sababu ni hadithi nzuri: mtoto mtukutu aliyewashinda waliosoma. Leo nataka kusema ile nyingine.

Mwaka ule baba alikuwa amekwenda magharibi mwa nchi kutafuta kazi. Barua zake zilianza kuwa fupi, kisha zikawa na salamu tupu, kisha zikakoma. Mama alikuwa akisafisha maofisi katikati ya mji, anatoka alfajiri na kurudi alasiri, vidole vimemchanika kwa dawa za sakafu. Rukia alikuwa akilelewa na jirani yetu Mkongomani, Mama Bahati, mwanamke mwenye sauti ya kengele ambaye hakutaka chochote zaidi ya vitumbua na umbea. Theluji ilipoanza, Mama Bahati alipata nyumba Malvern, na Malvern kutoka pale ni treni na mabasi mawili. Basi Rukia akakosa mtu. Mama alilifikiria jambo hilo siku mbili, anapiga pasi tu nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kupigwa pasi. Siku ya tatu akaniambia, "Salimu, baba, Jumatatu mpaka Jumatano utakaa na mwenzio. Mpaka nipate njia."

Sikulalamika. Kusema kweli niliona fahari. Nilikuwa mwanamume wa nyumba ile. Nilikuwa pia ulimi wake, kwa kuwa mama hakujua Kiingereza zaidi ya asante na samahani. Hospitali ni mimi, mwenye nyumba ni mimi, barua ni mimi. Nilikwisha kugundua raha ya kazi hiyo: watu wazima wawili wanakutazama mdomoni na hakuna anayeweza kukusahihisha. Barua ya shule ilipokuja kuuliza mbona sionekani, niliifungua mimi, nikaisoma mimi, nikamwambia mama kwamba walimu wanawakumbusha wazazi kuwavisha watoto viatu vya theluji. Mama akaangalia miguu yangu, akasema, "Waambie wewe unavyo."

Mama Fomu tulimpa jina hilo sisi watoto wa jengo. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye nywele za kijivu, ametoka chuo kikuu, anapita fleti kwa fleti na fomu zake akiuliza wageni wapya wanaleaje watoto. Alieleza mapema kuwa yeye si serikali. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, jambo ambalo mama alilitaja kwa huruma mwezi mzima. "Msomi wa watu, hana wa kumshonea soksi."

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo ni letu sisi, watu tuliolelewa kwamba mgeni haoni uchafu wa nyumba. Mtu alikuwa amekuja kuangalia tabu yetu, na sisi tukaifagia. Mama aliamka akapika. Rukia aliogeshwa, akapakwa mafuta mpaka uso unang'aa, akasukwa nywele vizuri kabisa. Kitambaa cha meza kilichotoka Tanga, ambacho hata Idi hakikutolewa, kilitandikwa. Chai ilikuwa kwenye chupa, vitumbua vimefunikwa. Mama Fomu aliketi kwenye kochi, akauma kitumbua, akafumba macho kwa utamu, akauliza hali ya nyumbani ikoje. Nikatafsiri. Mama akajibu, "Nzuri." Kwetu hakuna jibu jingine la kuanzia. Hata maiti ikiwa chumba cha ndani, utajibu nzuri kwanza, mgeni atauliza tena, na watoto je, na kazi je, na mara ya tatu ndipo utashusha sauti umwambie. Mama alikaa mikono mapajani, anangojea aulizwe mara ya pili. Mama Fomu akaandika, akafunua ukurasa.

Jumamosi ya pili ikawa vile vile. Maswali ya usingizi, ya chakula, nani anawasomea watoto vitabu, na kila swali liliulizwa mara moja tu. Alipoondoka mama alikaa akitazama vikombe. "Huyu mama," akasema, "haulizi akataka kujua?" Wiki ileile tukapata habari za Mama Hodan, Msomali wa ghorofa ya tisa. Yeye hakungojea kuulizwa. Alilia mbele ya fomu, akaonyesha friji tupu, akaonyesha watoto wanne kwenye godoro moja, na Mama Fomu akaweka kalamu chini, akapiga simu mahali. Kabla mwezi haujaisha mtoto mdogo wa Mama Hodan alikuwa akipelekwa chekechea asubuhi, bure, na mama yake akaanza masomo ya Kiingereza. Mama yangu alizisikia habari hizo kwenye chumba cha kufulia nguo, akapanda nazo kwa ngazi, lifti ilikuwa mbovu. Alifika juu anahema na macho yamemchangamka.

Kisha ikaja Jumanne ya birika. Nilikuwa nimewasha televisheni. Nilikuwa nimechemsha maji ya uji, nikayaweka ukingoni mwa meza, nikarudi kutazama dakika moja tu. Rukia akavuta kitambaa cha meza, kilichokuwa hakijaondolewa tangu Jumamosi, birika likamwangukia. Sitaeleza kilio chake. Nilimweka mkono chini ya bomba la maji baridi, nikafanya hivyo vizuri, daktari alinisifu, lakini ngozi ya mkono wake wa kulia kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo ilikuwa imekwisha kuharibika. Mama aliporudi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa sakafuni na koti lake la kazi, akampakata Rukia, akasema, "Kosa langu. Mtoto halei mtoto."

Jumamosi ya tatu alipika tena, akatandika kile kitambaa tena, hakuweza kuacha. Rukia alivalishwa gauni la mikono mirefu. Lakini mama alikuwa amekata shauri. Mama Fomu alipouliza hali ya nyumbani, mama alisema, "Nzuri," kisha hakungojea tena. Alivuta pumzi, akaniangalia, akasema taratibu ili nisikose neno: "Mwambie hali si nzuri. Mwambie huyu mtoto ameungua kwa sababu hana mtu wa kumlea. Mwambie wewe huendi shule siku tatu kila wiki kwa ajili yake, na una akili, unapotea. Mwambie namwomba pale alipompeleka mtoto wa Mama Hodan. Mwambie nimemwomba kama dada."

Mama Fomu alinigeukia huku akitabasamu. Dakika chache tu kabla ya hapo alikuwa amenisifu. Aliniambia Kiingereza changu ni cha ajabu, kwamba mama yangu ana bahati, kwamba mimi ni mwanamume wa nyumba hasa. Hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kuniambia hivyo. Na sasa nilitakiwa kusema kwa mdomo wangu kwamba mwanamume wa nyumba haendi shule, na kwamba alikuwa anatazama televisheni mdogo wake alipoungua. Rukia alikuwa mapajani mwangu. Nilishika ncha ya mkono wa gauni lake, nikaivuta mpaka vidoleni. Nikasema, "Mama anasema anashukuru sana. Anasema tunaendelea vizuri. Anasema mimi ni wa kwanza darasani."

Kuna watu nimewaeleza mambo yangu ya utotoni wakasema, bila shaka uliogopa serikali itawachukua. Watoto wa jengo walikuwa wakitishana hivyo, ni kweli. Ningependa kusema niliogopa. Sikuogopa. Nilitaka sifa.

Mama Fomu akaandika. Mama alimwona anaandika, mistari mirefu, akadhani ni maneno yake. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akamfungia vitumbua vyote vilivyobaki katika karatasi. Mlangoni akamwambia asante, kwa Kiingereza, mara tatu. Alipofunga mlango akaegemea ukuta akasema, "Alhamdulillahi. Nimesema."

Tukangoja. Mama alikuwa akirudi kazini anauliza kabla hajavua skafu, "Yule mama hajaleta jibu?" Nami najibu, "Bado." Theluji ikawa tope. "Labda amepoteza namba ya mlango?" "Labda, mama." Soksi zikaacha kuanikwa, dirisha likafunguliwa lote, jibu halikuja. Siku moja mama hakuuliza, na hakuuliza tena. Lakini akapata msemo wake. Miaka yote iliyofuata, mtu yeyote kutoka kwetu akimshauri aeleze shida zake ofisini, alikuwa akicheka kwa pua: "Hawa ukiwaambia shida yako wanaandika tu. Nilimwambia mmoja, nikamwomba kama dada, akala vitumbua akaenda zake." Hakuomba msaada tena popote, hata miguu ilipovimba, hata pale ambapo kuomba tu kungetosha. Mimi nilibaki na Rukia siku tatu, kisha nne. Darasani nilirudi sielewi kinachosemwa, na mtu mwenye kiburi hakai muda mrefu mahali asipoelewa. Nikaenda kubeba ndoo. Mama alikufa miaka mitatu iliyopita akiwa na msemo wake. Nilikuwa pembeni ya kitanda. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumwambia.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, binti mmoja alikuja nyumbani kwangu Mississauga. Anasoma chuo kikuu, wazazi wake wa Mombasa, anatafuta watu walioletwa hapa wakiwa watoto ili awaulize walivyolelewa na wanavyolea. Nilimkubali upesi, sifichi, nilitaka aione nyumba. Alivua viatu, akasema, "Shikamoo, mjomba," nami nikampitisha juu ya vigae vyangu polepole. Rukia alikuwa amekuja kutembea. Aliandaa chai yeye, na alipomimina alipandisha mkono wa blauzi, kama anavyofanya siku zote, hajawahi kulionea aibu lile kovu. Binti akauliza kama kuna msaada ambao familia yetu iliuhitaji ikaukosa. Kabla sijafungua mdomo Rukia akasema, "Upo. Alikuja mtafiti kama wewe. Mama alimweleza kila kitu, akamwomba, na yule mwanamke hakufanya lolote. Andika hilo. Andika na jina la mama, Mwanaidi."

Binti akanitazama. "Ndivyo ilivyokuwa, mjomba?"

"Ndivyo," nikasema.

"Na aliyekuwa anatafsiri?"

"Mimi."

Alilelewa vizuri, yule. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini, "Na yule mtafiti alipoyasikia, alisema nini?"

Nilikuwa na miaka hamsini kasoro miwili, nimeketi kwenye kochi nililolinunua kwa jasho langu, nimeulizwa mara tatu kama mama alivyotaka aulizwe. Nikasema, "Hakusema kitu." Binti akagusa kioo cha kompyuta yake, akapita kwenye swali jingine.

Watoto wangu watatu hawakukosa hata siku moja ya shule. Nikiwauliza habari za huko wananijibu neno moja la Kiingereza, lile lile nililomwambia Mama Fomu, kwamba kila kitu kiko sawa. Nami, kama Mama Fomu, naandika, nafunua ukurasa. Nikisikia watu wenye elimu wakieleza jinsi familia za wageni zilivyokuwa zikiishi miaka ile, najua ndani ya karatasi zao kuna mtoto wa kwanza darasani ambaye hakuwapo darasani.

Nimeandika haya kwa Kiswahili kwa sababu watoto wangu hawatayasoma, na Rukia atayasoma. Anasoma taratibu, kwa kidole, anarudia mistari. Basi arudie huu. Rukia, yule mwanamke hakuambiwa. Mama alisema yote, alisema vizuri, na mimi nilikuwa nimekushika mkono.