Kanga ya Mshindi

Sijui kama nitarudi Kibuta hivi karibuni. Juzi nilikuwa mwamuzi wa shindano la kuimba la vijiji vya ujamaa, na zawadi, doti moja ya kanga, iliwekwa mezani kwangu niilinde. Mwimbaji wa kwanza, Bi Tatu, alipofungua shindano, nilipandwa na midadi. Nikainuka nikicheza, nikamtunza kama tunavyotunza harusini: nikanyakua nguo iliyokuwa karibu, nikamvika mabegani. Nikarudi kuketi huku nikishangiliwa.

Jioni mtangazaji akamwita mshindi, Mwanahawa wa Gwata, kisha akanigeukia. "Mzee mwamuzi, tupe hiyo kanga."

Meza ilikuwa tupu. Bi Tatu alikuwa ameshaipasua doti. Kipande kimoja kajifunga, kingine kambebea mjukuu, na mjukuu ameshakikojolea.