L ya Mbuke

Tangu Sesilia akabidhiwe gari la Mzee Maige alitengeneze peke yake, mama yake, Bernadina, hakulala vizuri. Aliuza uji na maandazi mbele ya gereji ya Donatus, pale Katoro. Jicho moja kwenye sufuria, la pili kwa binti. Donatus alikuwa amesema wazi: mzee akiondoka ameridhika, Sesilia ana kazi. Akinung'unika, basi. Na Sesilia alishaapa kwamba akikosa kazi hiyo atakwenda Mwakitolyo, kwenye mashimo ya dhahabu, akawapikie wachimbaji.

Gari lenyewe, Land Cruiser kuukuu, lilikuwa limeliwa na kutu hata ukibonyeza mlango kwa chini, kidole kinatokea upande wa pili. Sesilia hakuziba matundu kwa puti kama mafundi wenye haraka. Alikata bati lote bovu, akachomelea jipya, akalisugua kwa msasa, akapiga rangi ya kuzuia kutu na kumalizia na kijani. Kile kipande kibovu Bernadina alikiokota, akakisimamisha kando ya jiko kukinga upepo.

Mzee alikuwa ameomba jambo moja tu: jina la mlangoni lirudi. Marehemu mkewe, Mbuke, ndiye aliyeliandika kwa mkono wake. Sesilia akaliandika upya, herufi zimenyooka kama za bango la duka: BARAKA.

Siku ya kuchukua gari, mzee alilizunguka taratibu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akagonga mlango, ukaitika kwa sauti nzito. "Sasa hili ni gari! Lile nililoleta lilikuwa chujio."

Wakacheka. Kisha akafika kwenye jina, akainama kulisoma.

"Baraka ndiye nani?"

"Ndilo jina lenyewe, babu. La kwanza lilikosewa, liliandikwa Balaka."

"Mbuke wangu alisema Balaka, akaandika Balaka. Huyu Baraka simfahamu. Ashuke kwenye gari langu!"

Donatus aliangua kicheko, lakini alipomtazama Sesilia akakumbuka sharti lake, akaacha.

Bernadina akainamisha macho, na macho yakatua kwenye jiko.

"Sesi," akaita, "njoo uchukue ukuta wangu wa upepo."

Upande wa moto bati lilikuwa jeusi kwa masizi. Wakaligeuza. Upande wa pili herufi nyeupe zilikuwepo zote, na ile L mguu wake umejikunja juu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Sesilia hakubisha. Alitandika karatasi juu ya bati, akafuatisha kila herufi kwa penseli. Akalisugua lile jina lake zuri likatoka, akapaka kijani tena, akaacha jua lifanye kazi yake. Mzee alikaa kwenye benchi la Bernadina akinywa uji. Jioni Sesilia aliandika BALAKA, mguu umejikunja vilevile.

Mzee akaifuatisha ile L kwa kidole hewani, bila kuigusa rangi mbichi.

"Wabeja, mwanangu," akamshukuru kwa lugha ya kwao. "Na hilo bati naondoka nalo."

Donatus alijikohoza. "Sesi, kesho kuna gari linatoka Masumbwe. Milango yote imeoza. Usichelewe."

Gari likaondoka na kinga ya jiko. Upepo ukaanza kuutawanya moto. Bernadina akakusanya khanga yake, akachuchumaa upande ule upepo unakotoka, akaendelea kukaanga maandazi.