Sukari ya Mtu Mwembamba

Baba yangu hajawahi kuwa na kitambi. Suruali zake nashona mimi, na kiuno chake nakijua bila futi. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka Urambo kuniambia kwamba baba hashibi maji, anakonda, na sisimizi wanajaa anapokojoa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, sikufikiria sukari. Kwetu sukari ulikuwa ugonjwa wa watu wenye magari. Baba ana baiskeli na jembe. Nilidhani ni figo, nikamwambia mama amlete huku Tabora mjini, nilikoolewa.

Walikuja na basi la asubuhi. Hospitalini tulipokewa na daktari, mama wa makamo asiye na haraka. Alimtoboa baba kidole, akasoma kipimo, akasema sukari iko juu sana. Kisha akanitazama mimi.

"Na wewe dada, lete kidole."

Mimi ni mnene tangu usichana, kabla hata sijazaa. Siku zote nimelaumu kiti cha cherehani. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda, haijafika kwenye ugonjwa. Daktari aliandika, akamgeukia baba.

"Mzee unalima nini?"

"Tumbaku. Tangu nikiwa kijana."

"Dawa ya wadudu unapiga mwenyewe?"

"Nani mwingine anipigie? Bomba nalibeba mgongoni."

"Na unavaa nini ukipiga?"

Baba akalitazama shati lake la mikono mifupi. "Hivi hivi."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema chakula, kukaa bila kutembea na damu ya ukoo ndivyo vinavyoulizwa kwanza, na ni haki viulizwe. Lakini baadhi ya dawa za wadudu, hasa za zamani, hazitoki mwilini upesi. Hujificha kwenye mafuta ya mwili zikakaa humo miaka. Nyingine huvuruga homoni, ambazo kazi yake ni kupeleka maagizo ya mwili huku na huku. Maagizo yakivurugika, kwa mmoja sukari hubaki kwenye damu bila kutumika, na kwa mwingine mwili hujiwekea mafuta kuliko unavyohitaji.

"Siwezi kukwambia mzee kwamba wewe umeugua kwa sababu ya dawa," alisema. "Kipimo cha kuonyesha hilo hapa sina. Ninachojua ni kwamba wataalamu wanazitilia shaka, na wewe huna sababu ya kuendelea kuzioga."

"Hata mtoto aliye tumboni zinamfikia?"

Aliyeuliza ni mama yangu.

"Nyingine zinamfikia, mama. Na inadhaniwa zinaweza kumfuata hadi ukubwani."

Mama aliitikia kwa kichwa. Nikaona anautazama mwili wangu, kisha akaangalia dirishani.

Nyumbani kwangu nilipakua chakula. Baba alikula, akaenda kujinyoosha. Mama hakugusa sahani yake.

"Mwaka ule nina mimba yako," aliniambia, "mimi ndiye niliyekuwa nachanganya dawa. Ilikuwa ya unga, inafanya madonge. Nilikuwa nayavunja kwa mkono." Akanionyesha kwenye kiwiko. "Mpaka hapa. Na ndoo yake ikiisha dawa tunaisuuza, tunatekea maji."

"Mama, mimi nakaa kwenye kiti kutwa nzima, na chapati nazipenda."

"Hilo la chapati nalijua. Hili nilikuwa silijui."

Nilijikuta nimekasirika na sioni wa kumkasirikia. Maelezo ya dawa ile yaliandikwa kwa lugha ambayo mama haisomi, na waliokuja kufundisha kilimo walizungumza na wanaume. Nilimwambia sina kinyongo naye. Alisema anajua, akaanza kukusanya vyombo.

Wiki iliyofuata niliwasindikiza Urambo. Jikoni palikuwa na pipa la bluu la maji ya kunywa, ambalo baba alilipata likiwa limewahi kutiwa dawa ya wadudu. Nilipomwambia tulitoe, alikataa.

"Nimelisugua kwa majivu na maji ya moto. Halinuki kitu."

Mama hakubishana naye. Alimwaga maji, akalivingirisha pipa hadi uani, akachukua nyundo na msumari wa inchi sita, akalitoboa kila upande.

"Ungeniuliza," baba alisema.

"Ningekuuliza ungekataa."

Jioni baba alimwomba mama maji ya kumezea vidonge. Akampa.

Tumbaku baba hakuiacha. Alipunguza shamba, na upande wa kisimani akapanda karanga, asipige dawa karibu na maji. Nilimshonea ovaroli ya kitambaa kizito, nikamnunulia glavu. Analalamika joto, na mama huniambia kwamba akidhani haonekani huvua. Mama mwenyewe hashiki tena dawa. Vidonge baba anameza, ugali amepunguza, mwili umerudi kidogo. Kipimo chake hakijawa cha mtu mwenye afya, ila kiu imekwisha.

Mimi natembea kwa miguu kwenda sokoni na kurudi, na chapati nimeziweka za Ijumaa. Uzito umeshuka kidogo tu. Sijui ni kiasi gani cha unene huu ni kiti, ni kiasi gani ni ule unga wa dawa, na sitarajii kujua. Kila nikitoka kupima sukari, mama hupiga simu.

"Imesomaje?"

Ikishuka namwambia. Ikipanda pia namwambia, maana alinikataza kumficha.