Mlango Ambao Haukutoka Dar

Mbao za libuyu, mti mgumu wa misitu yetu, zikipasuliwa asubuhi, wakati baridi ya Butembo bado imeshika mabati, hutoa harufu iliyo kali kwanza na tamu baadaye, kama chai yenye tangawizi nyingi. Msimu mzima wa mvua, mwaka nilipokuwa darasa la nne na vita vikiwa vimetuzoea kama sisi tulivyovizoea, nyumba yetu ilinuka hivyo. Unga wa msumeno ulikuwa ndani ya sombe, kisamvu chetu cha kila siku, ndani ya nywele zangu na katikati ya kurasa za Biblia ya mama. Mhusika alikuwa Mjomba Kambale, mdogo wake mama, aliyehamishia karakana yake kwenye baraza letu baada ya askari kuigeuza ile ya mjini kuwa jiko. Kuchomewa mbao alivumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni kuona patasi zake zikikatia nyama.

Butembo, huku mashariki mwa Kongo, ni mji wa wafanyabiashara, na kitu chochote kikiwekwa mbele ya mtu wa Butembo huulizwa swali moja: kinafaa nini? Mjomba alikuwa na bahati mbaya ya kuzaliwa humo akiwa na mikono isiyoweza kuacha ubao uwe ubao. Ukimwagiza kitanda, utapata kitanda baada ya kukisahau, na kichwani pake kutakuwa na mgomba, ndege wawili na mwanamke anayelima. Jirani mmoja alikataa kukipokea chake. "Miye niliomba pahali pa kulala," alisema, "sikuomba shamba." Watu wakampa mjomba jina la Fundi Maua, na jina hilo halikuwa sifa. Wahenga husema chema chajiuza. Tangu utotoni nina mashaka na wahenga, kwa sababu kwenye baraza letu vitu vyema vilikaa vikipigwa na vumbi, na vibaya vya jirani vikanunuliwa kabla gundi haijakauka.

Msimu ule alikuwa akitengeneza mlango, na mlango ule ulikuwa maisha yake. Huko Beni, mji wa kaskazini yetu, alimpenda msichana aitwaye Masika. Baba yake Masika, mkulima wa kahawa asiyependa maneno mengi, alikuwa amevunjiwa mlango na askari waliokuja kupora, na tangu hapo familia iliziba uwazi kwa kabati na kulala kwa zamu. Mzee alimtumia mjomba ujumbe mfupi: asilete maneno, alete mlango, naye ataona kama huyu ni mwanamume anayemaliza kazi. Mtu mwenye akili angepiga mbao nne na bawaba, akaoa. Mjomba alichonga. Kulikuwa na kanga wanaotembea kwa mstari, majani ya magimbi yenye matone ya mvua, na katikati chui aliyefumbua kinywa. Ufunguo ulikuwa unaingia kinywani mwa chui. Nilimuuliza mjomba mwizi atajuaje kuwa asiingize kidole humo. Alinijibu kwamba huo ndio ulikuwa ufundi. Neno "sanaa" tulikuwa hatujalisikia. Kwetu kulikuwa na ufundi, basi.

Tuliondoka kwenda Beni kwa Fuso iliyojaa viazi kutoka Luofu. Juu ya viazi walikaa akina mama wachuuzi, mama yangu akiwa mmoja wao, nami nikapelekwa kwa sababu hakuna jirani aliyekubali kubaki na mtoto anayeuliza maswali. Chini ya viazi kulikuwa na jambo ambalo kila mtu garini alilijua na hakuna aliyelisema: marobota ya vitenge vilivyotoka Dar es Salaam na kupita mpakani kwa njia ambayo hata Mungu, nadhani, alikuwa ametazama kando. Vitu vya Dar vikigunduliwa kwenye bariere, kizuizi cha askari barabarani, gari lilishushwa lote, na ulirudi nyumbani kwa miguu. Mlango wa mjomba ulilazwa juu kabisa, na akina mama waliona ni mkeka mzuri. Wakaukalia. Mjomba alisafiri akiwa ameweka viganja vyake chini ya mama mmoja mnene aitwaye Mama Soki, si kwa utovu wa adabu, bali kumkinga kanga wa pili.

Katika bariere moja kabla ya Kabasha, kamba ilikuwa imefunga njia, na kando ya askari alisimama mtu mpya. Wakubwa wa uasi walikuwa na ofisi kwa kila kitu siku zile, na huyu alikuwa chef, yaani mkuu, wa utamaduni. Alivaa suruali iliyopigwa pasi, alishika muhuri kama mtu anavyoshika yai, na inasemekana kabla ya vita alikuwa mwalimu. Sheria yake ilikuwa nyepesi. Mbao zinapita, meza na viti vinapita, lakini kitu cha sanaa kinabaki hapo mpaka bureau, ofisi yao ya Beni, ijibu. Bureau ya Beni haikuwahi kujibu, na nyumba ya chef, walisema madereva, ilikuwa ikipendeza siku hadi siku.

Aliwaambia akina mama wasimame. Akapanda, akaufagia mlango kwa mkono, akauzunguka. Kisha akasema kwa sauti ya kanisani:

"Hii iko objet d'art. Ishushwe."

Kwa Kifaransa maana yake ni kitu cha sanaa, na hutamkwa "obje dar". Mama yangu alijua Kifaransa cha sokoni, yaani majina ya vitu na namna ya kukataa. Alisikia neno moja tu, lile ambalo kila mtu aliyekaa juu ya viazi vile alikuwa akiliogopa tangu alfajiri.

"Chef, tuhurumie," akasema upesi. "Haiko ya Dar. Huyu mudogo wangu ameifanya kwetu, kwa baraza, miye nikiona."

"Mama, miye pia niko na macho. Iko d'art kabisa."

"Dar gani?" Mama Soki akaingilia, akijitandaza juu ya viazi kana kwamba angeweza kuvifunika vyote. "Chef, angalia muguu ya hii kanga. Dar wanaweza kufanya muguu mubaya hivi? Hii iko ya Butembo. Inaonekana."

"Na hii chui," akasema mwingine. "Haiko chui. Iko mbuzi yenye imekasirika."

"Hata majani haiko sawasawa. Moja iko kubwa, moja iko kadogo. Vya Dar vinatoka na mashini, donc, basi, vyote vinafanana."

Sijawahi kuona tena kazi ya mtu ikishambuliwa kwa bidii namna ile. Kila mama alitafuta kasoro, akaionyesha kwa kidole, akaapa kwa jina la Yesu. Mama yangu mwenyewe, aliyeulisha mlango ule sombe lake kwa msimu mzima, alisema kwamba hata mtoto wake anachora vizuri zaidi, akanisukuma mbele kama ushahidi. Mjomba alibaki ameweka mkono juu ya mbao. Yeye alikuwa amefundishwa useremala na mapadri na alijua Kifaransa vizuri. Alisikia neno sahihi, akasikia na neno wanalolisikia wenzake, na akaelewa kwamba hawezi kuwasahihisha bila kuvitaja vitenge vilivyolala chini ya viazi.

Kilichomwumiza zaidi, alinisimulia nilipokuwa mtu mzima, ni kwamba aliyemtetea ni chef. Yule mtu aliinama juu ya mguu wa kanga akasema taratibu kwamba akina mama hawaelewi. Mguu uko hivyo kwa sababu kanga anageuka. Ukitazama utaona anataka kuangalia nyuma. Majani hayafanani kwa kuwa majani ya kweli hayafanani. Kasoro, alisema, ndiyo inaonyesha mukono wa mutu. Katika maisha yake yote mjomba hakuwa amekutana na mtu aliyeona kwamba kanga anageuka, na sasa amempata, naye ni mwizi.

Nyuma yetu magari mengine yalikuwa yamesimama, na madereva walianza kupiga honi. Askari alichoka. Chef akanyoosha mgongo, akamgeukia mjomba.

"Basi. Mwenye kuifanya ndiye anajua. Fundi, sema weye. Iko art ao iko mulango?"

Mimi nikaona swali lenyewe lina hitilafu, nikauliza, "Chef, kwani haiwezi kuwa vyote viwili?"

Mama alinifinya mahali ambapo alama ilidumu. Chef hakukasirika. Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyepata jibu ambalo halimo kitabuni. "Inaweza, mutoto," akasema, "lakini kwa karatasi yangu kuko nafasi moja."

Mjomba alikuwa bado ameweka mkono juu ya mbao. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali, ya aina yoyote, kumwambia kwamba anachokifanya kina jina, na jina lenyewe si Maua. Angeweza kuliitikia jina hilo kwa neno moja. Mlango ungebaki kwenye ukuta wa mtu anayejua kuutazama, na huko Beni kabati lingeendelea kuziba uwazi.

"Iko mulango, chef," akasema. "Mulango tu. Kuko nyumba inaingojea."

"Fundi, unabongea. Hiyo iko uongo."

"Ndiyo, chef."

Chef akapiga muhuri kwa huzuni, kamba ikainuliwa, na akina mama wakarudi kukalia kanga wao.

Gari likaondoka. Kisha Mama Soki akasafisha koo. "Fundi, ile muguu iko muzuri. Tulikuwa tunatafuta njia tu."

"Najua, mama."

Milima ikapita. "Lakini ile chui," mjomba akauliza, "kweli inafanana na mbuzi?"

"Kidogo," akasema Mama Soki.

Ndipo mjomba akamweleza mama maana ya lile neno. Mama akatafakari mpaka tulipoanza kuona migomba ya joto ya upande wa Beni. "Donc alikuwa anakusifu," akasema.

"Ndiyo, yaya," akamjibu dada yake.

"Na alitaka kukuibia."

"Ndiyo."

"Basi alikuwa anapenda kweli," akasema mama, na mpaka leo sijasoma nadharia iliyo fupi kuliko hiyo.

Babake Masika alitupokea akiwa amevaa koti katika joto lile. Hakutazama kanga wala chui. Aligonga mbao kwa kifundo cha kidole akasikiliza, akasukuma kwa bega, akaingiza ufunguo kinywani mwa chui na kuuzungusha. Kisha akamwambia mjomba aufunge mlango kinyume, michongo iwe upande wa ndani. Niliuona uso wa mjomba ukishuka. Mzee naye aliuona, ndipo akatumia maneno yake ya mwaka mzima.

"Mulango muzuri unaita batu," akasema. "Miye nataka upande ya inje isiite mutu."

Kwa hiyo mjomba alihamisha bawaba, akageuza kitasa, na jioni iliposogea nyumba ile ilikuwa na mlango ambao kutoka barabarani ulikuwa mbao tupu zenye alama za msumeno, mlango wa mtu maskini asiye na kitu cha kuporwa. Tukaingia sote, ukafungwa. Kabati lilikuwa limerudishwa mahali pake. Masika aliwasha taa, na mwanga ulipofika kwenye mbao, matone ya mvua kwenye majani ya magimbi yakaonekana, na kanga wa pili, naapa, aligeuka. Mzee alikaa kidogo akiwa ameelekea ukuta, kama walivyozoea tangu mlango uvunjwe. Kisha akainuka, akashika kiti chake, akakigeuza kikaelekea mlango, akaketi.

"Masika," akasema bila kugeuka, "leta chai ya mukwe."

Mjomba alikuwa ameinua kikombe cha maji. Akakiweka chini asiyamwage. Mama akaanza kulia kwa namna yake ya kibiashara, kwa muda mfupi na bila hasara.

Baadaye nilisoma chuo kikuu, na mwalimu mmoja mwenye miwani mizuri alitufundisha kwamba sanaa ni kile kisicho na kazi nyingine ila kutazamwa. Nikainua mkono. Mwingine akatufundisha kwamba sanaa ni kile ambacho wenye mamlaka wamekipa jina hilo. Nikainua mkono tena, na darasa likaguna, maana walikwisha kunijua. Siku hizi neno lenyewe limejaa Butembo hadi Beni. Limeandikwa juu ya vinyozi na juu ya wauza madirisha ya chuma, na mjomba, ambaye sasa ana mashine, huletewa picha za waridi kwenye simu na kuombwa azinakili bila kukosea hata jani. Anazinakili. Hakuna anayemwita Fundi Maua, na hakuna bariere ambapo mtu atainama kuangalia mguu wa kanga wake.

Mwaka jana nilikwenda Beni kumsalimu mke wa mjomba, Masika, anayeishi naye katika nyumba ile ya baba yake. Vita vimebadili majina, havijahama. Sebuleni kuna televisheni upande mmoja, lakini viti vyote vimepangwa vikiipa kisogo na kuelekea mlango. Mgeni niliyefuatana naye, kijana wa mji mwingine, alivitazama akashusha sauti. "Poleni sana," akamwambia Masika. "Nadhani mumekaa na woga siku nyingi."

Masika alitazama viti, akatazama mlango.

"Ndiyo," akasema, "tumekaa nao," akavuta kiti kimoja na kumkaribisha.