Kikohozi cha Babu Kule Maporomokoni

Mwaka jana nilirudi Tukuyu, nikalala nyumba ya wageni pale Ibighi, na asubuhi, nikisubiri chai, nikaona tangazo ukutani. Siku Moja ya Kusisimua! Kupanda mlima, kuvuka mto kwa kamba, chakula cha asili maporomokoni, na mwisho kushuhudia mila. Pichani mwanamke kajikunyata kwenye majani, na mzee mwenye mkuki kampa mgongo. Rafiki yangu, nilicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Kilikuwa kicheko cha dharau. Upuuzi ule niliuona ukianza, na ulianzia kwetu.

Tulikaa Kinyala, katikati ya migomba, mvua ikinyesha karibu kila siku na matope yakitufuata hadi kitandani. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mdomo akajiita mfanyabiashara. Baba yangu alibaki kiwandani kwenye chai. Mdogo wake, baba mdogo, yeye aliona kazi ya jasho ni ushamba. Alikwenda Mbeya, akarudi na kofia ya mtumba, filimbi shingoni, na habari kwamba kuna Wazungu watakaolipa ili watembezwe porini. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Alimwacha amalize, kisha akasema, "Mwe bandu, jamani! Wana magari, halafu walipe watembee kwa miguu? Hao wamefukuzwa kwao." Sisi tuliteka maji kwenye bonde hilohilo la maporomoko alilotaka kuwapeleka, asubuhi na jioni, tukianguka na ndoo zetu, na hakuna aliyewahi kutupigia makofi.

Ila ujue jambo moja kwanza. Kwetu wakati ule mwanamke aliyeolewa hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Wakikaribiana njiani, mwanamke huingia pembeni, akainamisha uso mpaka mzee apite. Wasomi husema ni mateso kwa mwanamke, na labda ni kweli. Lakini babu yangu, kabla ya kila kona, alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha makusudi, cha mtu asiyeumwa kifua. Mama alikisikia kutoka mbali, akatua mzigo, akaingia migombani bila haraka, na mzee akapita akitazama mbele. Kabla ya siku ya wageni sikuwahi kumwona mama akikimbia.

Siku hiyo baba mdogo alimwomba mama apike mbalaga, zile ndizi na maharage zilizorojeka kwa maziwa, kisha abebe chungu hadi maporomokoni.

"Baba yupo wapi?" mama akauliza habari za babu, maana hilo ndilo lililomhusu.

"Ameenda Kawetele, shemeji. Harudi leo."

Kumbe babu alikuwa amekwisha kukalishwa kwenye jiwe karibu na maporomoko, na mkuki wa kuazima, akiambiwa kwamba wageni wanataka kumwamkia mwenye ardhi. Kuhusu mama hakuambiwa neno.

Tulishuka, mimi nikiwa nyuma na sahani. Wageni walikuwa wamefika, wekundu kama nyanya. Mmoja alikuwa ananing'inia kwenye kamba juu ya mto, akipiga kelele, na daraja letu la magogo liko palepale pembeni yake. Babu alituona, akakohoa. Niliona mabega yake yakitikisika, lakini ngurumo ya maji ilimeza sauti yote. Mama alikuwa anaangalia anapokanyaga, chungu kichwani. Alipoinua uso, babu alikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kushikana mikono.

Mama alijitupa kwenye upupu. Chungu kikabingirika, kikapasuka, mbalaga ikaenda na maji. Wageni wakadhani ni chui, wawili wakajitosa mtoni na viatu vyao. Baba mdogo alipowaeleza mila ile, walifurahi kuliko walivyofurahia kitu chochote siku hiyo, wakatoa kamera. Ndipo akakiendea kichaka.

"Shemeji, toka kidogo, urudie. Hawakuwahi kupiga picha."

Mama alikuwa anajikuna na kulia kimya. Njia ilikuwa moja, na hangeweza kutoka babu akiwa pale. Nilimchukia baba mdogo siku ile, na sijaacha. Babu hakugeuka. Aliulaza mkuki chini, akaingia mtoni na miguu yake mibovu, maji ya baridi yakamfika kiunoni, ili asipite karibu na kichaka kile kilichokuwa kando ya daraja. Alipopanda ng'ambo, mbali na ngurumo, akakohoa, akakohoa tena, mpaka mama akajua kwamba ameshakwenda. Akatoka, uso umevimba.

"Utamweleza kaka yako ulichonifanyia," akamwambia.

"Shemeji, dunia imebadilika," akajibu, akapuliza filimbi kuwaita wageni wake.

Babu alishakufa. Baba mdogo alifanikiwa, kama wapuuzi wengi wa miaka ile, na wengine wakamwiga. Mhudumu, kijana mstaarabu tu, aliponiona bado nimelikodolea tangazo macho, aliniuliza kama aniandikishe kwa safari ya kesho.

"Huyo mzee," nikamuuliza, "huwa anakohoa kwanza?"

Akashangaa. "Akikohoa si mama atajificha mapema, dada? Sasa watalii wataona nini?"

Kweli, wangeona nini? Wangeona migomba, na mzee anapita.