Nilisoma elective ya wellness coaching chuoni, nikaenda Pujini kuuliza swali lisiloulizwa

Wakuu, kabla sijaona mtu, nilisikia mtoto akibembelezwa.

"Shii. Lala. Lala na mie n'lale."

Salaam kwenu nyote. Haya yamenitokea mwenyewe. Nilichokiona nitakisema kama nilivyokiona, na nisichokijua nitasema sikijui. Majina tu ndiyo nimebadili.

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba moja ya Pujini, kule Pemba, baada ya sala ya alasiri. Nilizunguka ukuta huku nikipiga hodi. Moyoni nilishangaa, maana niliijua nyumba ile na haikuwa na mtoto mchanga.

Bi Mize alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani. Mapajani alikuwa ameupakata mguu wake wa kushoto, umefungwa kanga, anautikisa polepole kama unavyomlaza mtoto.

Aliponiona hakuona haya wala hakuacha.

"Karibu mwanangu. Sema taratibu. Ndo kwanza kapata usingizi."

Sasa nirudi nyuma kidogo, mpate kujua nilifuata nini pale.

Nipo mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha bara, nasoma degree ya health promotion. Kwa wasioijua, ni elimu ya kuwasaidia watu walinde afya zao kabla mambo hayajaharibika. Mwaka jana idara iliongeza somo la hiari, wellness coaching. Wenzangu wengi walilicheka, wakaliita somo la kupiga soga. Mimi lilinishika tangu kipindi cha kwanza.

Mwalimu wetu, Dokta Neema, alisema tumezoea kuwafokea watu. Acha chumvi. Acha sukari. Meza dawa. Mtu anaitikia ndiyo, anaondoka, anarudi vilevile. Kocha hafoki wala hatoi ushauri. Anauliza, ananyamaza, kisha anamrudishia mtu maneno yake mwenyewe mpaka ayasikie. Majibu anayo mteja.

Likizo ilipofika, kila mmoja wetu alitakiwa atafute mtu mmoja nyumbani kwao, akae naye vikao kadhaa. Mama yangu, Asha, akanitajia Bi Mize, jirani wa marehemu bibi.

Bi Mize alikuwa na sukari ya miaka mingi. Kidonda kilianza kwenye kidole kikashuka unyayoni. Daktari wa Chake Chake alishasema wazi: aje upesi akatwe sehemu iliyooza, kwani kikipanda juu kitamuua.

Hakutaka. Sababu hakuisema.

Mwanawe wa kiume, Seif, mtumishi wa serikali pale mjini, alikuwa amefoka mpaka amechoka. Binti yake, Rukia, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa amelia mpaka ameacha. Nilipompigia Seif kumwomba ruhusa, alinichekea.

"Kocha? Wa timu gani weye?"

"Wa afya, kaka."

"Basi fanya hima, kocha. Nchezaji wetu acheza kwa nguu mmoja."

Alicheka peke yake. Kisha kicheko kikakatika, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Jaribu, ndugu yangu. Sisi tumeshindwa."

Ndivyo nilivyofika pale mkekani.

Kikao cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Bi Mize alilalamika kwamba kila anayeingia humo huja kumtisha. Nikafanya kama nilivyofundishwa.

"Kwa hiyo Bi Mize, wanaokuja wanakutisha."

"Si ndivyo nilivyosema sasa hivi?"

Nikanyamaza.

"Rukia! Njoo unsikilize ntoto wa Asha! Wamempeleka bara kunsomesha ukasuku!"

Walicheka wote wawili mpaka wakajifuta macho kwa kanga. Nami nikacheka. Ila nilipoaga aliniambia, "Rudi. Wengine huja wakasema. Weye waja ukanyamaza."

Nilirudi, na nikarudi tena. Na hapo, wakuu, nikaanza kuona vitu vidogo ambavyo sikujua pa kuviweka.

Bi Mize hakuuzungumzia mguu wake kama watu tunavyozungumzia miguu. Aliusema kama mtu aliye chumba cha pili. Leo huyu kaamka vibaya. Huyu hapendi upepo. Huyu ukintajia mjini hulia.

Siku moja Rukia alileta chai. Tulikuwa watatu. Vikombe vilikuwa vinne, vyote vimejaa. Alikiweka cha nne karibu na ule mguu wenye kanga, akarudi jikoni. Nilikitazama kikitoa mvuke mpaka kikapoa.

Nilijiambia ni mazoea tu ya watu waliokaa na ugonjwa muda mrefu. Labda ni hivyo. Harufu ya kidonda nayo ilikuwa inazidi, udi wa Rukia haukuweza tena kuificha, na mimi nilikuwa na hofu moja tu: huyu mama atakufa huku mimi namuuliza maswali mazuri.

Kulikuwa na mbinu moja tuliyofundishwa. Mtu akikwama, usibishane naye. Ile sehemu yake inayokataa, ipe sauti. Iulize inataka nini. Darasani tuliifanya kwa Kiingereza, chini ya projekta, kwa vicheko. Mmoja aliupa sauti uvivu wake, mwingine akaipa sauti hamu yake ya chipsi. Hakuna kilichotokea.

Basi siku ile nikaifanya Pujini, kwa Kiswahili.

"Bi Mize, tumpe huyu nafasi aseme mwenyewe."

Nikainama kuelekea mguuni.

"Unataka nini?"

Jikoni upawa ulianguka. Rukia alitoka mbio, mikono ina unga.

"Weye! Umeuliza nini weye?"

Wenzangu mliokulia Pemba mshaelewa. Wengine niwaeleze. Kwetu, kitu kisichoonekana hakiulizwi "unataka nini" na mtu yeyote tu. Swali hilo ni la fundi wa mambo hayo, naye huliuliza akiwa na sinia la vitu tayari mbele yake, kwa sababu anayeuliza ndiye anayetoa. Ukiuliza umefunga ahadi. Hata watoto wanakatazwa kulitamka ovyo kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Nami nilikuwa mtoto huko. Nalijua katazo hilo tangu sijaanza madrasa. Lakini swali lilinijia likiwa limevaa suti, likitokea kwenye kitabu, nikalipokea kama mgeni. Sikulitambua mpaka nilipolisikia likitoka kinywani mwangu.

Bi Mize alikuwa ameacha kuutikisa mguu. Kichwa chake kiliinama. Kuku waliokuwa wakiparura uani walisimama, sijui kwa nini.

Kisha akajibu.

Haikuwa sauti kubwa wala ya kutisha kama ya kwenye sinema. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi na anatafuta maneno yalipo. Kipemba chake kilikuwa cha zamani sana, kile nilichokisikia kwa bibi mzaa bibi nilipokuwa mdogo. Nakiandika hapa kwa Kiswahili cha kawaida.

"Nataka kurejeshwa."

Nilichoweza kufanya ni kile nilichofundishwa, kurudisha maneno.

"Unataka kurejeshwa."

"Wakinitoa, wasinitupe kwa watu. Nirejeshwe hapa. Niwekwe na wenzangu."

Nilifungua kinywa nimuulize nani anazungumza. Rukia alinishika bega kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Jina usimuulize! Umeshauliza la kutosha. Jibu. Watoa au hutoi?"

Wakuu, nilikuwa mwanafunzi mwenye simu iliyojaa notes. Hakuna hata moja iliyozungumzia hapo.

Nikasema, "Nitakurejesha."

Kisha Bi Mize akainua kichwa, akatazama kikombe mbele yake kwa kero ya kawaida kabisa.

"Rukia, chai gani hii ya baridi?"

Asubuhi iliyofuata alimpigia Seif mwenyewe. "Njoo n'chukue. Nakwenda hospitali." Seif alikuja na gari mbio kama anayekimbia mvua, hakuuliza kilichombadilisha mama yake. Aliniona mlangoni akanipiga mgongoni. "Kocha! Umefunga goli!"

Walimkata sehemu ya mguu. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangekata juu ya goti, au wasingewahi hata kukata.

Kiungo cha Muislamu kikitolewa huzikwa, hilo linajulikana. Seif alitaka kizikwe palepale mjini, mambo yaishe. Nikamwambia haiwezekani, kinarudi Pujini. Nikamweleza kwa nini. Nilitegemea atanicheka. Alinitazama kwa muda, akatazama sakafu ya korido.

"Mama kasema hivyo?"

"Sijui nani kasema, kaka."

Akaenda kutafuta kikapu.

Tulikabidhiwa kiungo kimefungwa kitambaa cheupe. Tulikiweka kwenye kikapu cha ukili, na kikapu nikakiweka kiti cha nyuma. Jua lilikuwa la mchana, barabara ina watu, watoto wanatoka shule. Seif, ambaye huendesha kama ana ugomvi na lami, aliendesha taratibu. Kwenye kila shimo alikanyaga breki kwa upole. Redio hakuwasha. Mara mbili tatu nilimwona akitupa jicho kwenye kioo cha nyuma.

Tulipofika alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akainama.

"Tushafika, mama," akasema.

Kisha akayasikia maneno yake. Tukatazamana juu ya kikapu. Hakuna aliyecheka.

Tulichimba pembezoni mwa makaburi ya ukoo wao, shimo dogo la kutosha. Hatukusali, maana kiungo cha aliye hai hakisaliwi. Tulifukia, Seif akashindilia udongo kwa kiganja.

Rukia alikuwa wodini wakati huo. Alinisimulia baadaye kwamba mama yake alikuwa amelala fofofo kwa dawa, na kwenye mchana ule ule akafumbua macho, akasema, "Washanifikisha," akalala tena. Nami namwamini Rukia. Hana faida ya kunidanganya.

Likizo ikaisha, nikarudi chuoni. Kila mwanafunzi alitakiwa aeleze darasani alivyomsaidia mtu wake. Wenzangu walieleza habari za kutembea asubuhi na kupunguza soda. Zamu yangu ilipofika nilisema yote, kama nilivyoyasema hapa.

Dokta Neema akanyamaza kwa ule unyamavu wake wa kikocha. Kisha akauliza, "Mteja alifikia lengo lake?"

"Alifikia, Dokta."

"Na mteja wako alikuwa nani?"

Mpaka leo sijampa jibu, na yeye hajanidai.

Nilichojifunza ndicho hiki. Somo hili ni zuri, nami nitalitetea popote. Kufoka kulishindwa pale Pujini, kuuliza ndiko kulikomtoa mama wa watu mkekani. Huenda yote yalikuwa hofu yake tu, hofu ya kutupwa ugenini kipande kipande, nayo haikupata mlango mwingine wa kutokea. Lakini maswali hayafiki mahali patupu. Kila nyumba ina maswali yake ya zamani na bei zake. Ukitoka na swali darasani, kaa kwanza ujue pale unapokwenda huulizwa na nani, na anayeuliza hubeba nini. Na usiulize swali ambalo jibu lake huwezi kulibeba. Mimi nilibahatika. Nilichoombwa kilienea kwenye kikapu.

Idara sasa inatuuliza kama elective hii iendelee, na kama ifundishwe kwa Kiswahili. Nipeni mawazo. Mliosoma mambo ya afya, mliokulia visiwani, hata nyinyi mnaoamini nilikuwa na njaa tu siku ile, andikeni, nitasoma yote. Nyinyi mngesema mnatoa au hamtoi?

Ila sitakuwa mkweli nikiishia hapa.

Likizo iliyofuata nilikwenda kumwona Bi Mize. Kidonda kimefunga. Anatembea kwa gongo, kanenepa kidogo, ulimi umerudi na makali yake yote. Tulikaa ndani watatu kwa sababu ya manyunyu, na vikombe vya chai vilikuwa bado vinne. Alinitania kwamba sasa nauliza maswali machache kama mtu aliyeumwa na nyoka. Rukia akacheka. Seif alikuwa amepita asubuhi kuleta samaki.

Katikati ya mazungumzo Bi Mize alinyamaza. Akatazama nyuma ya bega langu, pasipo na mtu, uso wake umetulia, kama unavyomtazama mgeni aliyeanza kukusanya vitu vyake.

"Haya," akasema. "Nenda salama. Tumekaa sana."

Nikadhani naagwa mimi. Nikaanza kuinuka.

"Kaa, mwanangu. Sikwambii weye."

Rukia alikuwa ameshasimama. Akaenda mlangoni, akaufungua, akajibanza kando ya ukuta na kuvuta kanga yake ndani, kama unavyompisha mtu mahali pembamba.

Alingoja kidogo. Kisha akaufunga mlango, taratibu, kwa mikono miwili.