Nyufa za Mwamba wa Lweba

Chemchemi yangu ya Lweba ilikauka katikati ya masika, wakati hata mitaro ya njiani ilikuwa imejaa. Siku tatu baadaye maji yalitokea katika shimo ambalo jirani yangu alikuwa anachimba kwa ajili ya choo, hatua chache chini ya shamba langu. Jirani huyo ni mama aliyeshuka kutoka milima ya Minembwe na wanawe, baada ya vita kuwafukuza. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa hapa. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Hatukuwa tumewahi kugombana. Lakini tangu siku ile kila alichofanya kilinitia shaka. Akinisalimu, nilisikia dhihaka. Akinyamaza, nilisema anaficha jambo. Asubuhi nilijibanza kwenye migomba nikimchungulia anavyoteka maji shimoni.

Mwishowe nilimwendea.

"Mama, mayi yangu iko kwako. Ulikata njia yake?"

Aliweka jembe chini. "Madamu, mi nilichimba choo tu. Mayi ilikuja yenyewe."

"Mayi haihame yenyewe."

Aliniangalia, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Nikaita mchimba visima kutoka Makobola. Sikumwita atafute maji. Nilimwita aseme, jirani akisikia, kwamba nimeibiwa.

Alifyeka majani juu ya chemchemi, akakwangua ukingo kwa panga hadi mwamba ukaonekana: jiwe la kijivu, tabaka juu ya tabaka, laini kiasi kwamba ukucha uliacha alama. Zamani lilikuwa tope, alisema, likagandamizwa likawa jiwe. Nyufa zilikuwa zimelipasua kutoka juu hadi chini, zimenyooka na kupishana kwa nafasi karibu sawa.

"Unaona?" nilimwambia. "Hii ni kazi ya chuma."

Alinionyesha ufa mmoja uliojaa jiwe jeupe linalong'aa. "Chuma gani kinapasua, kisha kinajaza jiwe ndani ya jiwe? Hizi nyufa zilikuwa hapa mbele ya bababu zetu kuzaliwa."

Ufa wa pembeni ulikuwa wazi. Alimimina humo ndoo ya maji yaliyokorogwa na majivu. Tukashuka, tukasimama kando ya shimo la jirani, naye akatoka kutazama. Hatukukaa sana kabla ya maji ya kijivu kuanza kuchirizika.

"Maji yamepita ndani ya mwamba," alisema mchimba visima. "Lakini ule ufa ulikuwa umezibwa na udongo muzito. Nani aliutoa?"

Nilijua. Nilikuwa nimeuchota mimi, karai baada ya karai, nikikandika ukuta wa jiko langu.

"Mi nilimuona Madamu akiuchota," jirani alisema polepole.

"Mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Ungeniamini?"

Nilimwomba msamaha palepale. Sote watatu tukakanda udongo, tukauziba ufa. Maji yalirudi kwenye chemchemi, ingawa si kama zamani, na nikamwambia jirani ateke wakati wowote anaotaka.

Anateka. Ila haji nisipokuwapo. Hupiga hodi kwanza, husubiri hadi nitoke nimwone, ndipo anainama kuteka.